Kufubaza Kaunta

Twalibu aliimwaga mwenyewe,
wikiendi moja ya Machi, madirisha wazi,
chupa mbili, kipimo kwa kipimo,
akikoroga polepole asiingize mapovu.
Rezini nyeupe, mshipa wa kijivu, mshipa wa buluu.
Mapovu yaliyomshinda akayapitishia moto wa gesi
kama mtu anayebabua manyoya ya kuku.
Siku tatu hatukuruhusiwa jikoni.
Tulikula chipsi kwenye ngazi, sahani magotini,
na siku ya nne akabandua plastiki, akasema:
"Mama, hebu jiangalie."

Nikajiangalia.
Kidevu. Matundu ya pua. Taa ya dari
imenikalia kichwani kama sinia.
Nikasema mashallah, kazi nzuri.
Na kweli, kazi ilikuwa nzuri.

Ningemwambiaje
kwamba kiwandani, saa nane kila siku,
uso huu huu unaningoja juu ya meza ya chuma
katikati ya minofu, chini ya taa zisizojua kivuli,
nywele zimefungwa kwenye neti ya buluu?
Natoka zamu saa kumi, Grimsby imeshakuwa giza.
Nataka kukata kitunguu bila shahidi.

Miaka miwili nikavumilia.
Punje ya sukari ilionekana kutoka mlangoni.
Kikombe kikitua, duara.
Duara likifutwa, alama ya kufuta.
Nikawa nafuta kufuta kwangu.

Derek wa namba kumi na nne,
aliyepaka vanishi maisha yake yote,
ndiye aliyeniambia juu ya uzio:
"Mng'aro ni ulaini tu, mpenzi.
Ikwaruze kidogo, kila mahali sawasawa,
nuru itapotea njia."
Akanipa msasa mweusi, ule usioogopa maji:
mia nne, mia nane, elfu moja.
"Usiruke hata mmoja," akasema, na kidole juu.

Nikasubiri Jumapili, Twalibu yuko Hull.
Ndoo ya maji, tone la sabuni ya vyombo,
nikaanzia pembeni, nyuma ya kibaniko cha mkate,
pale mwizi angeanzia.
Mkwaruzo wa kwanza niliusikia kwenye jino.
Ukatoka uji mweupe, mwembamba kama tui la pili,
nikaufuta, na kaunta ikang'aa vilevile!
Kumbe ikilowa inadanganya.
Iache ikauke, ndipo inakiri.
Ikakauka. Ikawa na mabaka
kama dirisha la basi lililopumuliwa na watoto.
Nikakaa chini, msasa mkononi,
nikahesabu bei ya rezini ile, paundi kwa paundi,
na mshahara wake wa kwanza ulivyoishia humo.

Basi mlango ukalia.
Amerudi mapema, mvua mabegani.
Hakusema neno. Akaweka begi,
akainama mpaka shavu likakaribia kaunta,
jicho moja limefumba, akiangalia kuelekea dirishani.
Nilimwona koo likipanda na kushuka.
"Umesugua kwa mistari," akasema.
"Zungusha, Mama. Duara ndogo. Na usikandamize."
Akaufunga msasa kwenye kipande cha mbao,
akakunja mikono ya shati.

Tulisugua mpaka magharibi.
Mia nne, tukaosha. Mia nane, tukaosha.
Ya elfu moja ilinong'ona tu.
Hakuuliza kwa nini. Nami
nilianza mara mbili kueleza,
mara zote mbili nikaomba maji safi.

Asubuhi mwanga mnyonge wa bahari ile baridi
uliingia, ukatua kwenye kaunta, ukalala hapohapo,
haukunirukia machoni.
Nikapitisha kiganja: kama ganda la yai.
Nikasogeza birika nijaze maji,
na chini yake, upana wa kisahani,
pameachwa. Pembezoni mstari mnyoofu wa gundi ya karatasi
aliyokuwa amebandika nisione.
Panang'aa kama siku ile ya Machi.

Sijamuuliza.
Kila siku kabla ya zamu nasogeza birika,
narekebisha ushungi,
nalirudisha.